Tuliuliza Ukubwa wa Uvimbe, Hatukuuliza Hali ya Ini

Kaka yangu alianza na bega. Si tumbo wala ubavu, ni bega la kulia. Yalikuwa maumivu ya chinichini ambayo hayakuzidi akinyanyua kitu wala hayakupungua akipumzika. Hilo alitueleza mwenyewe, kwa maneno hayohayo, nasi hatukulitia maanani. Alikuwa na miaka 49 na kazi yake ilikuwa ya mikono, kwa hiyo sote tuliamini amejitegua. Akawa anachua dawa na kumeza vidonge vya maumivu asubuhi na jioni. Alipokwenda kutibiwa mara ya kwanza, akaongezewa vidonge vikali zaidi vya aina ileile. Alipoanza kushiba upesi, anaonja kidogo na kusukuma sahani, akaambiwa ni vidonda vya tumbo. Miezi minne ikaishia hapo.

Aliyetutoa gizani ni tabibu mmoja kijana ambaye alimlaza kitandani, akaweka kiganja chini ya mbavu za kulia na kumwambia avute pumzi. Nilikuwa nimesimama pembeni. Niliona uso wa yule kijana ukibadilika. Akarudia tena, polepole, kisha akaandika karatasi ya altrasaundi na kusema, "Leo, si kesho."

Baadaye daktari bingwa wa ini alinieleza habari ya lile bega. Ini ndani yake halihisi maumivu. Uvimbe unaweza kukua humo kwa miezi mingi na mwenyewe asijue. Kinachouma ni utando mwembamba unaolifunika, pale unapovutwa. Tena ini limelala chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unatokea shingoni, jirani kabisa na ile mishipa inayohudumia bega. Kiwambo kikichokozwa, ubongo unapokea taarifa na kudhani zinatoka begani. Tulikuwa tunachua bega zima, lisilo na ubaya wowote.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeambiwa wiki hii kwamba yeye au ndugu yake ana saratani ya ini. Mimi si daktari. Nilikaa na kaka yangu miezi 22 tangu siku ile ya altrasaundi, nikiwa na daftari mkononi, na kuna swali moja tulilochelewa sana kuliuliza.

Altrasaundi ilionyesha uvimbe. Ikachukuliwa damu kupima alfa-fetoprotini, protini ambayo saratani nyingi za ini huimwaga kwenye damu, wengi wanaiita AFP tu. Majibu yakaja 11, karibu kabisa na kiwango cha kawaida. Nyumbani tulilia kwa furaha. Mama aliwapigia simu ndugu wote kuwaambia si saratani. Siku tatu baadaye daktari bingwa akatuketisha na kutusahihisha kwa upole: watu wengi wenye saratani ya ini, hasa ikiwa bado haijakua sana, wana AFP ya kawaida. Na kuna wenye AFP ya juu wasio na saratani hata chembe, kwa sababu wana homa ya ini iliyochachamaa, au ni wajawazito. Kipimo hicho kinamsaidia daktari, lakini hakitoshi kumtia mtu hatiani wala kumwachia huru. Nawasihi msishangilie wala msiomboleze kwa namba hiyo moja. Kushuka kutoka kwenye ile furaha kuliniuma kuliko habari yenyewe.

Kilichotoa jibu ni skani ya CT ya awamu kadhaa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nilipoelewa hili, mengine yote ya matibabu yalifunguka.

Ini linapata damu kwa njia mbili. Karibu robo tatu ya damu yake inaletwa na mshipa mkubwa kutoka kwenye utumbo, ikiwa imebeba kila tulichokula. Robo iliyobaki inakuja kwa ateri, moja kwa moja kutoka kwenye njia kuu ya damu ya moyo. Saratani inayozaliwa ndani ya ini ina tabia yake: inajitengenezea mishipa na kunyonya kutoka kwenye ateri, karibu yote. Kwa hiyo mgonjwa anachomwa dawa ya kung'arisha picha mkononi, kisha mashine inapiga picha kwa kufuata saa. Sekunde chache za mwanzo, dawa ikiwa bado iko kwenye ateri, uvimbe unawaka na ini lote liko kivuli. Dakika zinazofuata mambo yanageuka: ini linang'aa na uvimbe unabaki shimo jeusi, kwa sababu dawa imekwisha kutoka ndani yake. Daktari aligeuza kioo cha kompyuta tukaona wenyewe. Kwenye picha ya kwanza paliwaka kama kaa la moto, na kwenye ya pili palikuwa peusi. Uvimbe mkubwa ulikuwa na sentimita 5.8, na pembeni yake vinundu viwili vidogo.

Tulitaka wakate kinyama wakakipime. Tuliona ndiyo njia ya uhakika. Daktari akasema kwa mtu ambaye tayari ana ini lenye makovu, picha ya namna ile inatosha, na kuingiza sindano bila sababu ni kukaribisha damu kuvuja, au mara chache, mbegu za saratani kubaki kwenye njia ya sindano. Lakini akasisitiza kwamba kwa mtu ambaye ini lake halina tatizo la muda mrefu, au picha yake haieleweki, kinyama ni lazima. Uvimbe mwingi wa saratani unaoonekana kwenye ini haukuzaliwa hapo, umehamia kutoka kwenye utumbo mpana, titi, kongosho au tumbo, na hiyo ni saratani nyingine yenye tiba nyingine. Pia kuna inayoanzia kwenye vijia vya nyongo ndani ya ini lenyewe. Ya kaka ilikuwa ile inayotokana na chembe za ini hasa, ambayo ndiyo nyingi zaidi.

Alipofika kwenye neno "makovu" hatukumsikiliza. Wifi yangu aliuliza uvimbe una ukubwa gani, akajibiwa. Mimi nikauliza kama umeenea. Mama akauliza kama unaweza kutolewa. Kaka hakuuliza kitu. Daktari akachukua karatasi, akachora ini kubwa, na ndani yake duara dogo. Akaacha duara, akaanza kutia vistari kwenye sehemu yote iliyobaki.

"Mnaniuliza habari za hiki," akasema akigusa duara. "Niulizeni habari za hili." Akapitisha kalamu juu ya ile sehemu yenye vistari. "Mgonjwa wangu ana maradhi mawili. Tiba nitakayompa itaamuliwa na hili kuliko hicho."

Hilo ndilo swali. Ini lililobaki lina hali gani? Kwa saratani nyingine nilizoziona kwa jirani na marafiki, kila mtu anazungumzia uvimbe na hatua yake. Kwenye ini, mara nyingi uvimbe umeota juu ya shamba lililokwisha kuharibika kwa miaka mingi, na dawa yoyote ya kuua uvimbe inapita kwenye shamba hilohilo. Ukiunguza kilichobaki, umempoteza mgonjwa huku uvimbe ukiwa umepungua.

Wanalipima kwa alama. Mambo matano: bilirubini, yaani ile rangi ya manjano, albumini, protini inayotengenezwa na ini, muda wa damu kuganda, kama kuna maji tumboni, na kama akili imeanza kuchanganyika. Kila kimoja kinapewa alama moja hadi tatu. Alama 5 au 6 ni daraja A, 7 hadi 9 ni B, 10 na kuendelea ni C. Kaka alikuwa na 6. Nilipiga mstari chini ya hiyo 6 mara mbili kwenye daftari, na tangu siku hiyo kila majibu ya damu yalipotoka nilikuwa naanzia huko kabla ya kuangalia lingine.

Sasa zikaja tiba, na kila moja ikaonekana ina mlango wake.

Kukata: ini lina uwezo wa ajabu wa kuota tena, mtu mwenye ini zima anaweza kukatwa zaidi ya nusu na likajaza nafasi. Ini lenye makovu halina uwezo huo. Isitoshe bandama ya kaka ilikuwa imevimba na chembe za kugandisha damu zimeshuka, dalili kwamba shinikizo limepanda kwenye ule mshipa wa kutoka kwenye utumbo. Madaktari wa upasuaji wakatikisa kichwa.

Kupandikiza ini jingine: hii ndiyo tiba inayoondoa maradhi yote mawili kwa pamoja. Thomas Starzl alijaribu mara ya kwanza kwa binadamu mwaka 1963, lakini kwa wagonjwa wa saratani ilikuwa balaa hadi mwaka 1996, ambapo Vincenzo Mazzaferro na wenzake wa Milan walionyesha ni nani anayefaidika: mwenye uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au isiyozidi mitatu ambayo hakuna unaovuka sentimita 3, na mishipa ya damu ikiwa haijaguswa. Kaka alikuwa na sentimita 5.8 na viwili vya nyongeza. Nilikaa na rula usiku ule nikipima hiyo tofauti mezani. Miezi minne ya kuchua bega.

Kuunguza kwa sindano ya joto inayopitishwa kwenye ngozi: inafanya kazi nzuri sana kwa vinundu vidogo, vya sentimita 3 kushuka chini. Kwa ule mkubwa, hapana.

Tukabakiwa na njia inayoutegea uvimbe kwenye tabia yake yenyewe. Kwa kuwa unanyonya kutoka kwenye ateri, wanapitisha mrija mwembamba kama uzi kutoka kwenye kinena, wanaupandisha hadi kwenye tawi la ateri linalolisha uvimbe, wanamwaga dawa hapohapo na kuliziba tawi. Uvimbe unakosa damu. Ini linaendelea kuishi kwa damu inayoletwa na ule mshipa mwingine. Kaka alipoelezwa, kwa mara ya kwanza tangu tuanze aliuliza swali: "Na kama mshipa mwingine nao ukiziba?" Daktari alimtazama kidogo kabla ya kujibu. "Hapo hii haitafaa tena." Nililiandika bila kujua kwamba nitalirudia.

Usiku baada ya kuzibwa mara ya kwanza alipata homa, kichefuchefu na maumivu makali ubavuni. Niliogopa nikamwita nesi mara tatu. Akanieleza kwamba hali hiyo inatarajiwa, uvimbe ukifa ghafla mwili unapokea taka zake, na kwa kawaida inatulia ndani ya siku chache. Laiti wangetuambia kabla. Kama ndugu yako anakwenda kwenye tiba hii, uliza mapema usiku wa kwanza utakuwaje, upate kulala walau kidogo. Skani ya mwezi uliofuata ilionyesha sehemu kubwa ya uvimbe haiwaki tena.

Kisha tukaharibu wenyewe.

Mtu anayetupenda, ambaye sina kinyongo naye, alileta unga wa mizizi wa kusafisha ini. Kaka akaunywa wiki tatu. Hakumwambia daktari, nami niliyekuwa natunza daftari sikuuandika, kwa kuwa moyoni niliuhesabu kama chakula. Alipokwenda kupima damu kabla ya kuzibwa mara ya pili, bilirubini ilikuwa imetoka 1.3 hadi 4.1. Macho yake yalikuwa ya manjano na sisi tuliokaa naye kila siku hatukuyaona. Tiba ikaahirishwa wiki sita hadi ini litulie. Kila kinachomezwa kinapita kwenye ini, kiwe cha duka la dawa au cha shambani, na ini lenye makovu halina akiba ya kupambana na kitu kisichojulikana. Hata vile vidonge vya bega, diklofenaki na ibuprofeni, daktari alivikataza siku ya kwanza kabisa, kwa sababu vinaumiza figo na kuleta damu tumboni kwa watu kama yeye. Aliruhusiwa parasetamoli, isiyozidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya kawaida. Hizo wiki sita bado zinanizunguka kichwani.

Sasa nirudi nyuma, kwenye chanzo, maana ndicho kilichotugusa sote.

Kipimo cha damu kilionyesha kaka ana kirusi cha homa ya ini B, na kwa hali ya ini lake, amekaa nacho miaka mingi sana. Hakuwahi kuugua manjano, hakujua. Hakuwa mnywaji, jambo ambalo lilimpa uchungu wa pekee kwa sababu watu wakisikia ini wanafikiria pombe. Pombe ni sababu ya kweli, na ziko nyingine: homa ya ini C, mafuta kujaa kwenye ini kwa watu wenye kisukari na unene, sumukuvu ya nafaka na karanga zilizoota ukungu. Kirusi B kina ubaya wa ziada, kinaweza kujichomeka kwenye vinasaba vya chembe za ini na kuleta saratani hata kabla ya makovu. Kaka alianzishiwa dawa ya kukizuia siku hiyohiyo, kidonge kimoja kila siku, na ndugu wote wa damu tukaagizwa kupima.

Mama alikutwa nacho. Nami nikakutwa nacho.

Mama alishika ile karatasi yake kwa mikono miwili. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba kirusi hiki mara nyingi hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, na kwamba mtoto mchanga akikipata, hadi 9 katika kila 10 wanabaki nacho maisha yote, wakati mtu mzima akikipata mara nyingi mwili wake unakifukuza. Akauliza, "Kwa hiyo ni mimi?" Wote tukanyamaza. Daktari akavuta kiti chake hadi magoti yao yakakaribiana.

"Mama, kijana wako alizaliwa mwaka gani?"

"1972."

"Kirusi hiki Baruch Blumberg alikigundua mwaka 1965. Chanjo ya kwanza iliruhusiwa mwaka 1981. Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mtoto achanjwe mwaka 1992. Ulipojifungua, hapakuwa na daktari popote duniani ambaye angeweza kumkinga mwanao. Hukumpa ugonjwa. Ulimpa uhai wakati ambao dunia haikuwa na kinga hiyo."

Mama alikunja karatasi yake, akaikunja tena, akaiweka kifuani. Sijui kama aliamini. Kaka aliyekuwa ameketi nyuma yake akasema, "Mama, tusilizungumze tena hili," na hakika hatukulizungumza tena hadi anaondoka.

Namshukuru yule daktari kwa zile tarehe kuliko kwa maneno ya faraja. Chanjo ya homa ya ini B ni chanjo dhidi ya saratani, na ushahidi upo: Taiwan ilianza kuwachanja watoto nchi nzima mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto na vijana wa kizazi hicho ikashuka waziwazi. Dozi ya kwanza ndani ya saa 24 za kuzaliwa ndiyo inayofunga ule mlango. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na kirusi hiki, na wengi wao hawajui. Wanangu walikuwa wamechanjwa wakiwa wachanga, wakapimwa, wakakutwa wako salama. Mume wangu akachanjwa mwezi huohuo. Na ile ya aina C, isiyo na chanjo, siku hizi inatibika na kwisha kabisa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12 kwa zaidi ya 9 katika kila 10. Ukijua unayo, usikae nayo.

Mwezi wa nane skani ikaleta jibu la lile swali la kaka. Saratani ilikuwa imeingia kwenye mshipa mkubwa unaotoka kwenye utumbo. Kuziba ateri tena kukawa hatari, kwa kuwa ini lingebaki bila damu upande wowote. Hapo zikaja dawa za mwili mzima. Zamani ilikuwa sorafenibu peke yake, tangu 2007, vidonge vinavyochubua viganja na nyayo. Tangu 2020 kuna mseto wa dawa mbili za dripu, moja inaondoa breki kwenye kinga ya mwili ili iitambue saratani, nyingine inazuia uvimbe kuota mishipa mipya. Jopo la madaktari likachagua mseto. Kabla ya dripu ya kwanza alifanyiwa endoskopi, yaani kuchunguzwa kwa mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, maana shinikizo lile huvimbisha mishipa ya koo la chakula, na dawa ya pili inaweza kuifanya ivuje. Walikuta miwili imevimba, wakaifunga kwa vipira vidogo, tukasubiri.

Kaka aliomba namba. Daktari akampa bila kuzipamba: kwenye utafiti uliouidhinisha mseto huo, nusu ya waliotumia walikuwa hai kupita miezi 19, wakati kwa sorafenibu ilikuwa miezi 13. Kaka akafikiri kidogo. "Na ile nusu nyingine?" "Ndiyo iliyoondoka kabla ya hapo. Sijui wewe uko nusu ipi, na sitajifanya najua." Njiani kurudi alikuwa mtulivu kuliko alivyokuwa wiki zote zilizotangulia. Alisema ni mara ya kwanza anaongea na mtu asiyemwogopea.

Tulipata miezi minane mizuri. Dripu kila wiki tatu, ngozi kuwasha, uchovu, tezi ya shingo ikalegea akaongezewa kidonge. Alirudi kazini nusu siku. Uvimbe ulisimama, haukupungua sana, ulisimama tu, na nilijifunza kulipenda neno "umesimama".

Kwenye daftari langu naye alikuwa akiandika. Kila asubuhi alijaza uzito, mzunguko wa tumbo kwa futi kamba, na joto la mwili, kwa mwandiko wake wa kulala kulia, herufi zimeshikana vizuri. Mwezi wa 18 nilifungua nikakuta "kilo 68" imeandikwa mara mbili, ya pili ikishuka chini ya mstari na 8 yake haikufungwa. Siku iliyofuata tarehe ilikuwa ya mwezi uliopita. Wifi akasema siku hizi halali usiku, anasinzia mchana, na jana alimkaripia mtoto kwa jambo la bure. Tulifikiri ni huzuni. Nilipeleka daftari. Daktari hakusoma namba hata moja, alitazama mwandiko. Akamwambia kaka anyooshe mikono mbele na kuinua viganja kama anayesukuma ukuta. Viganja vikapigapiga, kama ndege anayetaka kuruka akashindwa.

Ini lililochoka haliwezi kuondoa amonia inayotoka kwenye utumbo, nayo inafika kwenye ubongo. Mara nyingi kuna kilichochochea: kufunga choo, maambukizi, damu kuvuja tumboni, dawa za usingizi. Yeye alikuwa na siku nne bila choo na hakutaka kusema. Akapewa sharubati ya laktulosi, iliyomfanya apate choo mara mbili tatu kwa siku, na baada ya siku tatu herufi zikarudi kwenye mstari. Hili halikuandikwa kwenye karatasi yoyote tuliyopewa. Mgonjwa wa ini akibadilika tabia, akigeuza usiku kuwa mchana, akiandika vibaya, usimgombeze wala usingoje kliniki ya wiki ijayo.

Alama zake wakati huo zilikuwa 11. Nilijumlisha mwenyewe kabla ya kuambiwa. Daraja C, na dripu zikasimamishwa, si kwa sababu wamemkatia tamaa bali kwa sababu zingemuumiza kuliko saratani. Tukahamia tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, na ninasikitika kwamba tulikutana na watu wale mwishoni, maana wangetufaa tangu mwezi wa kwanza. Ndio waliomtoa maji tumboni lita sita kwa sindano hadi akaweza kujilaza chali, waliompa mofini kidogo kidogo kwa kuhesabu, waliomwuliza anataka kuwa wapi na nani. Alitaka kuwa kwake. Alifia kwake, alfajiri, wifi akiwa amemshika mkono na mimi nikiwa nimekwenda kuchemsha maji.

Mimi nameza kidonge changu kila usiku, kilekile alichoanzishiwa yeye akiwa amekwisha kuchelewa. Kila miezi sita nakwenda kwenye altrasaundi, kwa sababu uvimbe ukionekana ungali mdogo, ile milango iliyofungwa kwa kaka bado iko wazi kwangu. Juzi ilikuwa mara ya sita. Mtaalamu alinipaka ute wa baridi chini ya mbavu za kulia, akabonyeza, akaniambia nivute pumzi nishikilie. Nikaishikilia. Kwenye kioo palikuwa na kijivu kilichotandazika, na yeye anapita polepole, anarudi, anapita.

"Hamna uvimbe," akasema.

"Na ini lenyewe?" nikamwuliza. "Lina hali gani?"

Akageuza kioo upande wangu, akaanza kunionyesha kingo.